Upimaji wa meza na viti vya ofisini Dar es Salaam: nani alipwe, na kwa kazi gani

Huduma ya kupima sehemu za kazi za ofisini, yaani kuangalia kama kiti, meza, skrini na mwili wa mfanyakazi vinapatana, inauzwa Dar es Salaam na watu wa aina tatu: kampuni za ushauri wa usalama na afya kazini, mafiziotherapia (wataalamu wa tiba ya viungo) wanaotembelea ofisi, na maduka ya fenicha yanayopima bure. Bei zao hazifanani na ripoti zao hazifanani, lakini swali la kuwalinganisha ni moja. Mpimaji akiondoka kwenye meza ya mtu, nini kimebadilika? Kama kiti kimepandishwa au kushushwa, skrini imesogezwa, mausi imerudishwa karibu na mwili, na mfanyakazi anajua kwa nini, huduma imefanyika. Kama kilichobaki ni picha kwenye simu na ahadi ya ripoti baada ya wiki mbili, mwajiri amelipia karatasi na shingo ya mhasibu inaendelea kuuma vilevile.

Afisa utawala anayetafuta mtu wa kumwita anahitaji kwanza kujua kikao kizuri kinavyokwenda. Bila hivyo atachagua kwa kuangalia bei au nembo iliyo kwenye jalada la ripoti.

Kikao cha mtu mmoja

Kikao kamili huchukua dakika 30 hadi 45. Ukiongeza muda wa kuhama kutoka meza hadi meza, mpimaji mmoja hawezi kumaliza zaidi ya watu 10 au 12 kwa siku. Anayeahidi kupima watu 40 kwa siku akiwa peke yake anakuja kupita na kutazama. Kupita na kutazama kuna faida yake, maana husaidia kuchuja nani apimwe kwanza, ila kusitozwe bei ya upimaji kamili.

Siku chache kabla, wafanyakazi wapewe dodoso la maumivu. Linalotumika sana ni la Nordic, lililochapishwa 1987, ambalo huuliza kuhusu sehemu 9 za mwili: maumivu ya miezi 12 iliyopita na ya siku 7 zilizopita. Sisitiza lije kwa Kiswahili na liwe na mchoro wa mwili ambao mtu anauwekea alama. Bila mchoro, watu wengi huandika "mgongo" tu, na mpimaji hajui kama ni kiuno, katikati ya mabega au chini ya shingo. Hizo ni sehemu tatu zenye sababu tatu tofauti.

Akifika mezani, mpimaji akae pembeni dakika 5 hadi 10 na kumwacha mtu afanye kazi yake. Hapa ndipo vikao vingi huharibika. Mgeni mwenye kitambulisho shingoni anaingia, mfanyakazi ananyooka kama mwanafunzi aliyemwona mwalimu mkuu, picha inapigwa, na mkao ulioingia kwenye ripoti ni ule ambao haupo saa tisa alasiri. "Endelea tu na kazi yako, dada, mimi naangalia meza" ni maneno yanayotosha. Baada ya dakika chache mwili unarudi kwenye mazoea yake, na mazoea hayo husema mengi. Miguu ikijikunja kwenye nguzo ya kiti, mara nyingi kiti kiko juu kuliko miguu. Mtu akikaa ukingoni bila kuegemea, ama kikalio ni kirefu kuliko mapaja yake, ama mikono ya kiti inagonga meza na kumzuia kusogea mbele. Kidevu kikitangulia kuelekea skrini, herufi ni ndogo, skrini iko mbali, au macho yanahitaji kupimwa. Bega moja likiwa juu kuliko jingine, mausi iko mbali.

Kuna swali ambalo husahaulika na linalofaa sana mji huu: umefikaje kazini? Mtu wa Kimara aliyesimama kwenye mwendokasi amebanwa, au wa Gongo la Mboto aliyekaa kwenye daladala magoti yakigusa kiti cha mbele, anafika Posta kiuno kimeshachoka kabla hajawasha kompyuta. Kumshauri afanye kazi amesimama asubuhi ni kumwongezea mzigo. Kwake, saa ya kwanza iwe ya kuegemea vizuri, na kusimama kuje baadaye.

Vipimo, na kwa nini vianze kwenye kiwiko

Mabango mengi ya mkao sahihi huanza na miguu: kanyaga sakafu, goti nyuzi 90, na kadhalika. Utaratibu huo unafaa mahali ambapo meza inapanda na kushuka. Ofisi nyingi za Dar zina meza isiyobadilika kimo, na hapo lazima uanze na kiwiko.

Piga hesabu. Meza ya kawaida ina kimo cha sentimita 75. Mwanamke wa sm 155 akikaa kwenye kiti kinachofuata miguu yake, kikalio kinakuwa kama sm 40 kutoka sakafuni, na kiwiko chake kama sm 23 juu ya kikalio. Jumla ni 63. Kibodi huongeza sm 2 juu ya meza, kwa hiyo anaandika sm 14 juu ya kiwiko chake, mabega yakiwa yamepanda saa zote za kazi. Mwanamume wa sm 185, kikalio kikiwa sm 49 na kiwiko sm 25 juu yake, anapata 74. Meza ileile inamfaa bila kuguswa. Ilitengenezwa kwa mwili wake, na mwenzake ndiye anayeambiwa akae vizuri.

Dawa ni kupandisha kiti cha mama huyo hadi kiwiko kikaribie kibodi. Viti vingi vya gesi hupanda kama sm 10, mathalani kutoka 42 hadi 52. Kwenye 52, kiwiko kinafika 75. Kwa kibodi nyembamba, tofauti inayobaki ni ndogo. Sasa miguu inaning'inia na ukingo wa kiti unabana mapaja, kwa hiyo anahitaji kibao cha kukanyagia chenye wastani wa sm 12. Mpimaji anayepandisha kiti na kuondoka bila kutafuta kitu cha kukanyagia amehamisha maumivu kutoka mabegani kwenda miguuni.

Kibao hicho hakihitaji kuagizwa nje. Fundi wa Keko anakitengeneza kwa mabaki ya plaiwudi ya mm 18: upana sm 45, kina sm 35, ukingo wa karibu na kiti sm 8, wa mbali sm 15 au 16, na vipande vya mpira chini ili kisiteleze kwenye vigae. Kikiwa chembamba kuliko hapo, miguu hufungwa mahali pamoja na mtu hawezi kuibadilisha mkao. Boksi zima la rimu tano za karatasi, ambalo wengi hulivuta chini ya meza, linazidi sm 20. Linapandisha magoti na kukunja kiuno.

Kukata miguu ya meza ni njia nzuri kwa mfanyakazi mfupi ambaye meza ni yake kwa miaka mingi. Ila haina kurudi nyuma, na meza ikihamia kwa mtu mwingine mnaanza upya. Droo ya kibodi inayofungwa chini ya meza hupendekezwa sana na hukosewa sana. Inashusha kibodi, sawa, lakini nyingi ni fupi na mausi haitoshei. Mausi inabaki juu ya meza, mkono wa kulia unafanya kazi juu na mbele zaidi ya kushoto, na baada ya miezi bega hilo linalalamika. Kabla ya kukubali droo, pima kama kibodi na mausi vinakaa pamoja na kama paja linapita chini yake bila kusuguliwa.

Vipimo vya kiti vinavyobaki ni vya haraka. Mtu akiegemea kabisa, vidole viwili hadi vitatu vipite kati ya ukingo wa kikalio na nyuma ya goti. Visipopita, kikalio kirefu kinamlazimisha kuliacha egemeo. Kama kiti hakina kishikio cha kusogeza kikalio, mto mgumu wa sm 5 au 6 nyuma ya kiuno husaidia. Mbinuko wa egemeo ukae kwenye kiuno, juu kidogo ya mkanda. Mikono ya kiti iwe chini ya kiwiko bila kusukuma mabega juu, na isigonge meza. Ikigonga na haishuki, iondolewe. Mara nyingi ni bolti mbili au tatu kila upande, na huko kufungua bolti hubadilisha mkao wa mtu kuliko kiti kipya. Mpimaji anayefika bila spana hakukusudia kubadilisha chochote.

Skrini iwe mbali kwa urefu wa mkono, sm 50 hadi 75, na ukingo wake wa juu ulingane na macho au ushuke kidogo. Rimu moja ya A4 ina unene wa karibu sm 5, kwa hiyo unaweza kupima kwa rimu leo na kumwagiza fundi kibao cha kimo hichohicho kesho. Wanaovaa miwani ya kuona mbali na karibu kwa pamoja ni tofauti: wao husoma kwa sehemu ya chini ya lenzi, na skrini ikiwa juu huinua kidevu na kukunja shingo nyuma. Kwao skrini ishuke. Anayejisogeza mbele kusoma, mkuzie herufi kwenye mipangilio ya kompyuta hadi asilimia 125 kabla ya kumwambia arudi nyuma. Penye skrini mbili, inayotumika zaidi ikae mbele ya pua na nyingine pembeni imegeuzwa kidogo. Zikitumika sawasawa, kingo zake zikutane katikati.

Mambo ambayo ripoti za kunakili haziyaoni

Laptopu ni la kwanza. Kibodi na skrini vimeungana, kwa hiyo ukiinua skrini unaharibu mikono, na ukishusha kibodi unaharibu shingo. Hakuna namna ya kukaa inayotatua hilo. Anayetumia laptopu zaidi ya saa moja au mbili mfululizo anahitaji stendi, kibodi inayojitegemea na mausi, vitu vinavyopatikana Kariakoo bila shida. Ripoti inayosema "mfanyakazi akae wima" kwa mtu wa laptopu bila kutaja vitu hivyo vitatu irudishwe kwa aliyeiandika.

Kibodi yenyewe ni la pili. Yenye sehemu ya tarakimu upande wa kulia huwa na upana wa karibu sm 45, na isiyo nayo karibu sm 36. Tofauti hiyo yote ni umbali ambao mkono wa mausi unasogea nje ya bega. Kwa katibu muhtasi, kibodi fupi ni tiba rahisi kabisa. Mhasibu anahitaji tarakimu, basi apewe kibodi fupi na kipande cha tarakimu kinachojitegemea, akiweke kushoto au akisogeze pembeni asipokitumia. Vigingi vidogo vya nyuma ya kibodi vikunjwe, visisimame. Vikisimama, kifundo cha mkono hupinda kwenda juu.

Wahasibu wana tatizo jingine, nalo ni vocha. Karatasi hulazwa upande wa kushoto, shingo inageuka na kushuka mara mamia kwa siku, na mtu analaumu mto anaolalia nyumbani. Kishikio cha karatasi kilichoinama, kikae kati ya kibodi na skrini au kando ya skrini kwa kimo kilekile, huondoa mzunguko huo. Mafundi wanaokata vibao vya plastiki ngumu kwa ajili ya mabango wanaweza kukitengeneza.

Angalia chini ya meza. Kasha la kompyuta, UPS (betri ya akiba ya kompyuta), waya wa upanuzi na maboksi ya mafaili ya mwaka juzi hukaa pale ambapo miguu ingekaa. Mtu hukaa upande, kiuno kimejipinda, na kwenye picha iliyopigwa kutoka mbele hilo halionekani. Mpimaji ainame atazame. Kuondoa maboksi ni bure.

Sakafu za vigae zina taabu yake. Viti vingi huja na magurudumu magumu ya nailoni yaliyokusudiwa zulia. Kwenye vigae kiti hukimbia kila mtu anapoandika, naye hujizuia kwa vidole vya miguu bila kujijua, na jioni mapaja na nyonga zimechoka. Magurudumu laini hubadilishwa kwa mkono bila kifaa. Shina la mm 11 ndilo la kawaida, lakini ling'oe moja upime kabla ya kununua.

Mwanga unapimwa kwa kipimio: luksi 300 hadi 500 mezani inatosha kazi za kawaida za ofisi. Tatizo la majengo ya vioo ya katikati ya mji ni kuzidi kwa mwanga. Zima skrini na utazame kioo cheusi. Kila unachokiona kinang'aa humo ndicho kinachompiga mtu machoni. Skrini ikae ubavuni mwa dirisha, dirisha lisiwe mbele wala nyuma ya mtu. Saa ya kupima ina maana pia. Ofisi inayotazama baharini hupigwa na jua asubuhi, inayotazama magharibi hupigwa alasiri, kwa hiyo mpimaji wa saa nne asubuhi hatauona mng'ao wa saa kumi jioni asipouliza. Tena Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta: jua la mchana hupita upande wa kaskazini kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, na upande wa kusini miezi inayobaki. Dirisha la kaskazini lililotulia Januari linaweza kuwa kero Juni.

Kiyoyozi nacho kipimwe kwa mkono. Kaa kwenye kiti cha mfanyakazi, inua kiganja usawa wa shingo na usawa wa macho. Upepo ukigusa, mapezi ya mashine yageuzwe. Anayekaa na kanga mabegani ofisini anakuonyesha upepo unapopiga.

Watoa huduma wenyewe

Kampuni za ushauri wa usalama na afya kazini tunazipa 3 kati ya 5. Nguvu yao ni mfumo. Wanatumia vipimo vinavyojulikana: RULA ya kupima mkao wa mikono, shingo na kiwiliwili, iliyotoka 1993 na yenye alama hadi 7, ambapo 7 inamaanisha badilisha mara moja, au ROSA ya 2012, iliyotengenezwa mahsusi kwa kazi za ofisi, ambapo kufikia 5 ni ishara ya kuchukua hatua. ROSA huongeza alama kwa anayetumia kifaa zaidi ya saa 4 kwa siku, jambo la maana kwa watu wa huduma kwa simu. Wanaijua pia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003 inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, na ripoti yao hukaa vizuri kwenye faili la ukaguzi. Udhaifu wao ni kuugeuza upimaji kuwa ukaguzi: mtu huyohuyo anahesabu mitungi ya kuzimia moto, anapita kwenye madawati, na mwisho anaandika "wafanyakazi wapatiwe viti bora" kwa idara nzima. Kabla ya kusaini, omba ripoti ya mfano iliyofutwa majina. Kama kila mtu ana ukurasa wake wenye namba (kimo cha kikalio kabla na baada, kimo cha kiwiko, umbali wa skrini), endelea nao. Kama ni aya zilezile zikijirudia chini ya picha tofauti, acha.

Mafiziotherapia tunawapa 4, na kwa ofisi ya watu wasiozidi 50 tungeanza nao. Wanaujua mwili, wanashika, na wanatambua dalili ambazo kiti hakiwezi kuzitibu: ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati inayomwamsha mtu usiku, mkono unaoangusha vitu, maumivu yanayoshuka hadi chini ya goti pamoja na udhaifu wa mguu. Hao huelekezwa hospitali, kwa mfano Taasisi ya Mifupa ya MOI pale Muhimbili, wala wasisubiri kiti kipya. Anayepata ganzi ya sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo pamoja na maumivu ya mgongo aende siku hiyohiyo. Udhaifu wa kundi hili ni kwamba kikao hugeuka darasa la mazoezi. Mazoezi ni mema, lakini ukinyoosha shingo asubuhi na kuirudisha kwenye laptopu iliyo chini kwa saa saba, laptopu itashinda. Muulize mapema kama anakuja na tepu na kama anaandika vipimo. Akijibu kwamba anaangalia mkao kwa macho, mwombe aje na mwenzake anayepima.

Maduka ya fenicha yanapata 2 kwa upimaji, ingawa yana matumizi mengine mazuri. Kupima kwao ni bure kwa sababu kila jibu linaishia kwenye kiti, hata pale ambapo kibao cha fundi kingetosha. Yatumieni baada ya kupimwa, sio kabla. Mkiwa na namba zenu mkononi, ombeni kiti kimoja cha majaribio kwa wiki moja, kikaliwe na mfupi kuliko wote na mrefu kuliko wote. Kile kiti kikubwa cha bosi chenye ngozi ya bandia na egemeo la kichwa kina sura tu: mara nyingi kikalio hakisogei, mikono haishuki, na ngozi hiyo hubanduka mapema kwa joto na jasho la Dar. Kitambaa cha wavu kinapitisha hewa na kinafaa zaidi. Ulizeni uzito ambao kiti kimepimwa kuubeba. Kiwango cha Ulaya cha EN 1335 kinapima kwa mtu wa kilo 110, na mfanyakazi mzito kuliko hapo atafutiwe kiti chake mahsusi.

Kiti kinachozama chenyewe polepole kimeharibika muhuri wa silinda ya gesi. Silinda hubadilishwa, sio kiti kizima. Wapo mafundi wanaofunga kipande cha bomba la plastiki kwenye nguzo ili kiti kisishuke. Inakubalika kama kiti ni cha mtu mmoja na kimo chake kimeshapimwa. Kutoboa au kuchomelea silinda ni hatari, maana ndani kuna naitrojeni yenye mgandamizo mkubwa.

Upimaji kwa video unawafaa wanaofanyia kazi nyumbani, sio zaidi. Picha ipigwe kutoka ubavuni kabisa, simu ikiwa usawa wa kiwiko, la sivyo pembe zote zinadanganya.

Mkataba

Wengine hutoza kwa kichwa, wengine kwa siku. Kwa kichwa ni salama kwenu iwapo mkataba unataja dakika za kila mtu. Kwa siku ni salama iwapo unataja idadi ya juu ya watu. Ulizeni kama bei imejumlisha VAT na kama risiti ya EFD itatolewa. Bajeti ya vifaa vidogo (vibao, stendi, kibodi, magurudumu) itengwe kabla ya mpimaji kufika, kwa kuwa mapendekezo yanayosubiri robo ya mwaka ijayo husahauliwa.

Majibu ya dodoso na picha ni taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti, kwa hiyo ridhaa iombwe, na meneja apewe muhtasari wa idara bila majina ya wanaoumwa. Pasipo hilo watu wataficha. Mwenye mkataba wa muda hatakiri kwamba kiuno kinamuuma.

Wapimwe na viatu wanavyofanyia kazi kweli. Dada anayefika na visigino vya sm 7 na kuvaa ndala akishakaa apimwe na ndala. Wajawazito wapimwe tena kila miezi mitatu au wanapoomba, maana tumbo linawasogeza mbali na meza na mikono inaanza kunyooshwa. Wanaotumia mkono wa kushoto waulizwe. Wengi wamezoea mausi ya kulia kwa sababu ndivyo walivyoikuta.

Sharti la mwisho liwe ziara ya kurudi baada ya wiki 4 hadi 6, na sehemu ya malipo ibaki hadi ifanyike. Katika ziara hiyo mpimaji achukue vipimo vilevile kwa watu walewale na kurudia maswali ya maumivu ya siku 7. Atakuta baadhi ya viti vimebadilishana wenyewe, kwa kuwa wanaofanya usafi jioni huvisukuma pembeni na asubuhi kila mtu huvuta cha karibu. Kwa hiyo siku ya kwanza kila kiti kibandikwe jina chini ya kikalio, na nguzo yake ichorwe alama ya kimo kwa kalamu isiyofutika, ili kiti kikirudi kwa mwenyewe kirudi pia kwenye sentimita zake.